Mama Mkwe Apofuka kwa Ajili ya Biashara

Kwa aliyenikosa wiki iliyopita: naitwa Burul, ni fundi wa sufu, na nyumba yangu ina magurudumu manne. Mume wangu, Turusbek, aliuza nyumba yetu ya Naryn, akanunua lile gari la Kirusi ambalo watu huliita Mkate kwa umbo lake, akanitangazia kwamba kuanzia siku hiyo tutaishi barabarani. Tutatengeneza, tutauza, tutahama. Tutakuwa huru.

Uhuru huo tuliuingia watu watatu, maana mama yake alikuja pia.

Wiki iliyopita, wasomaji wangu, niliwaacha Tosor, ufukweni mwa ziwa. Mama mkwe wangu, Mama Batmakan, alikuwa na chokea kwenye kope, amevaa miwani myeusi, anapapasa sapatu za sufu nilizotandaza mezani kuuza, akitafuta sindano aliyoiangusha. Akapita mama mmoja wa Kijerumani. Akasimama. Akashika kifua.

"Ni kipofu?" akamuuliza Turusbek kwa Kirusi cha kuungaunga. "Na sapatu hizi anatengeneza yeye, kwa kugusa tu?"

Turusbek alikuwa na nafasi ya kusema hapana. Mimi pia nilikuwa nayo. Nilisimama pale pale, mikono imelowa.

Tukanyamaza wote. Yule mama akanunua jozi tatu bila kuuliza bei mara mbili, akaondoka analia.

Sasa nakiri yaliyofuata. Na sitamsukumia mtu lawama, kwa sababu bango niliandika mimi. Mwandiko wa Turusbek hausomeki hata na yeye mwenyewe, kwa hiyo akaniletea ubao na rangi, nami nikaandika kwa lugha tatu, kwa herufi nzuri za duara: MIKONO YANGU INAONA.

Chokea kilipona siku ya nne. Upofu haukupona.

"Mama, vua miwani unywe chai vizuri," nilimwambia asubuhi moja.

"Wateja wakitokea?"

"Saa kumi na mbili hii ya asubuhi, mteja gani?"

"Mkwe wangu, kazi ni nidhamu," akasema. Akapapasa siagi, akaipata, akaipaka kwenye kidole gumba changu.

Msije mkadhani Mama Batmakan aliwahi kupiga sufu hata siku moja. Kwa miaka thelathini alikuwa mkata tiketi wa sinema pale Naryn. Kila filamu aliitazama mara arobaini, amesimama mlangoni na tochi. Kutokana na kazi hiyo alijua kulia kwa jicho moja, alijua kukaa kimya muda unaofaa, na alijua kwamba mtu akishalipa kiingilio hataki kuambiwa hadithi si ya kweli.

Watalii walipouliza alipofuka vipi, kila kundi lilipata lake.

"Mama," Turusbek alimnong'oneza, "jana ulisema ni radi. Leo unasema ulimlilia baba hadi macho yakakauka."

"Radi ni ya Wajerumani. Warusi wanataka mapenzi."

"Na wale Wakorea?"

"Wale niliwaambia ni darubini. Nilitazama nyota kupita kiasi. Mmoja aliniinamia."

Baba mkwe, ili mjue, yuko hai. Anaishi na mwanamke mwingine Talas na ana macho mazuri tu.

Ikabaki shida moja: mimi. Huwezi kuwa na kipofu anayetengeneza sapatu kwa kugusa, halafu pembeni yake yuko mwanamke mwenye macho mawili anazitengeneza. Nikahamishiwa ndani ya Mkate, mapazia yakashushwa.

Kazi ya sufu ni maji ya moto. Unaitandika kwenye mkeka wa matete, unaimwagia maji na sabuni, unaukunja mkeka, unaukandamiza kwa mikono yote hadi viwiko, unaubiringisha huku na huku mpaka nyuzi zishikane. Kazi hiyo mama yangu aliifanya uwanjani, upepo unavuma, wanawake sita wanaimba. Mimi niliifanya mwezi wa saba, kilele cha joto la kwetu, ndani ya bati, madirisha yamefungwa, miguu imebanwa kati ya mtungi wa gesi na sanduku la nguo za mama mkwe.

Nje nilimsikia mume wangu akiwahutubia wageni.

"Sisi Wakirgizi tumezaliwa kuhama! Barabara iko kwenye damu!"

Barabara labda ilikuwa kwenye damu. Kwenye injini haikuwemo. Kila tulipohama nilishuka nikasukuma, Turusbek ameshika usukani na mama yake amekaa kiti cha mbele, miwani usoni, asije akaonekana na mtu.

Siku moja nilitoka kuvuta hewa, povu limenifika kwenye viwiko. Mzee mmoja wa Kirusi akaniona.

"Na huyu?"

"Huyu anatufulia," akajibu Turusbek, wala hakusita.

Jioni ile nilimbana. "Nafua, eh?"

"Burul, usiwe na moyo mdogo. Ni biashara. Ungependa niseme nini?"

"Useme mke wangu."

"Basi kesho nitasema mke wangu anafua."

Mtaniuliza kwa nini sikufunga mzigo nikarudi kwetu At-Bashy. Nilikuwa nikifunga mzigo siku aliyokuja Gulsaira.

Gulsaira alikuwa mwandaaji wa tamasha la mafundi la Bokonbaevo, mwanamke wa mjini mwenye skafu ya hariri na kitambaa cha machozi alichokishika tayari kabla hajaanza kulia. Alikaa mbele ya Mama Batmakan, akamshika mikono.

"Mama, nimesikia habari zako tangu Karakol. Nakuomba uwe mgeni wetu wa heshima. Na ulete kazi yako kubwa ishindanishwe. Zawadi mwaka huu si cheti, wala si kikombe."

"Ni nini, mwanangu?" Mama akauliza, akilitazama kwa makini pazia lililokuwa upande mwingine kabisa.

"Ni chumba cha kazi, kwenye jengo jipya la mafundi. Kina jiko la makaa, dirisha kubwa, maji ya bomba. Fundi atakayeshinda anapewa ufunguo, ni chake maisha yake yote."

Nyuma ya pazia, niliposikia maji ya bomba, nikaacha kukandamiza mkeka.

Mwaka mzima na miezi mitatu nilikuwa nachota maji ya ziwani kwa ndoo. Nilishasahau kwamba maji yanaweza kumfuata mtu alipo.

Kazi kubwa ilikuwepo. Chini ya godoro nilikuwa na zulia ambalo sijawahi kulitoa nje, jekundu na jeusi, mapambo ya pembe za kondoo dume yamekumbatiana kutoka ukingo hadi ukingo. Nililishona majira mawili ya baridi kule Naryn, kabla ya Mkate. Pembe zile nilizikata kwa mkasi bila kuchora chaki, kama alivyonifundisha marehemu mama yangu: jicho halifuati mkasi, linatangulia. Turusbek analijua vizuri. Huwa analala juu yake.

Nililitoa mwenyewe. Hakuna aliyenilazimisha. Nikalitandaza kwenye majani, Gulsaira akafunika mdomo, Mama Batmakan akalipapasa taratibu akitoa vitone viwili vya machozi, na kwa mara ya kwanza nadhani vilikuwa vya kweli, maana hata yeye hakujua nina kitu kama kile.

"Nani atajaza fomu?" Gulsaira akauliza.

"Mimi," nikasema. Mwandiko wangu ni mzuri.

Aliyetengeneza: Batmakan. Aliyeleta: Burul. Nikatia sahihi.

Hesabu yangu ilikuwa nyepesi. Mama atashinda, atapewa ufunguo, mimi nitaingia na jiko na sufu yangu, nitafunga mlango, na kutoka hapo wanaweza kumwita fundi hata farasi.

Tukafika Bokonbaevo Jumamosi. Watu kama mia tatu, hema za duara zimepangwa, moshi wa nyama, vipaza sauti. Kwanza palikuwa na maonyesho: mgeni wa heshima apige sufu mbele ya watu. Nikaruhusiwa kukaa pembeni yake kama msaidizi. Tulikubaliana nikikohoa mara moja amwage maji, mara mbili akunje mkeka.

Nikakohoa mara moja. Akawamwagia waamuzi.

"Anapima joto la maji kwa kusikiliza yanavyomwagika," Turusbek akaeleza kwenye kipaza sauti. Watu wakapiga makofi.

Akakunja mkeka ukiwa hauna kitu ndani. Makofi. Akaupiga ngumi kwa hasira za mtu aliyevaa miwani myeusi miezi miwili. Makofi zaidi. Mwamuzi mmoja akamwambia mwenzake kwamba mtindo huo ni wa kale sana, umeshapotea. Mimi nimezaliwa kwenye sufu, nilikaa pale nakohoa kama mgonjwa, na hakuna aliyegeuza shingo kunitazama.

Ndipo wapanda farasi wakaingia uwanja wa pili, wakigombea mzoga wa mbuzi. Mama Batmakan anaupenda mchezo ule kuliko mwanawe. Na aliukosa kiangazi chote.

"Mshike mguu, we mjinga!" akafoka, amesimama, mkono umenyooka. "Kushoto! Yule wa farasi mweupe, kushoto!"

Watu wakageuka kumtazama.

"Anasikia kwato," akasema Turusbek.

"Farasi mweupe?" Gulsaira akauliza taratibu.

"Weupe wana kwato laini."

Akaamini. Naapa aliamini, akakipeleka kitambaa machoni. Nikajua kwamba mtu akitaka kudanganywa hata ukweli ukimgonga usoni atauomba samahani na kupita.

Zulia likatangazwa mshindi kabla ya chakula. Watu wakashangilia, Turusbek akambeba mama yake juujuu. Gulsaira akapanda jukwaani na ufunguo mkononi, nami nikauona, wa shaba, umefungwa utepe.

"Lakini kabla ya ufunguo," akasema, sauti inatetemeka, "tuna zawadi ya pili, ambayo Mama haijui. Daktari Chinara yuko hapa Bokonbaevo wiki hii, anapasua macho ya wazee bila malipo. Amekubali kumpima Mama wetu sasa hivi!"

Sijawahi kuona mtu anashuka mabegani mwa mwanawe haraka vile.

"Hapana, mwanangu. Mungu ameshaniandikia."

"Mama, jaribu!" umati ukapiga kelele. "Jaribu, Mama!"

Daktari Chinara alikuwa mwembamba, nywele fupi, hana maneno mengi. Akatuingiza hemani, sisi watatu, akafunga mlango. Akamvua Mama miwani, akammulika kwa kitochi. Kulia. Kushoto. Mama akakodoa macho kama samaki wa sokoni.

Daktari akazima kitochi. Akachukua sahani ya maandazi, akaisogeza mbele yake kimya kimya.

Mama Batmakan akachagua lile kubwa.

"Wagonjwa wangu," Daktari akasema, "wamekaa kwenye benchi nje tangu alfajiri. Yuko bibi mmoja hajauona uso wa mjukuu wake mwaka wa tatu huu. Niliwaambia wasubiri, nimpime kwanza bibi kipofu anayetengeneza mazulia. Unajua walisema nini? Walisema aende, maskini, sisi tutangoja."

Hata Mama Batmakan aliacha kutafuna.

"Sitawadanganya watu kwa niaba yenu," akaendelea. "Mkimaliza kula mchana, Mama, ama uwe unaona, ama nitaeleza mimi."

Akatoka.

Mimi nilitaka ardhi inifunike. Turusbek je? Turusbek alikuwa anatabasamu.

"Muujiza," akasema.

"Nini?"

"Mama anapanda jukwaani, anavua miwani, anaona! Burul, hujaelewa? Kipofu aliyeona! Hiyo ni bei nyingine kabisa. Na anaweza tena kutazama farasi."

"Hilo la farasi ni zuri," Mama akasema.

"Sawa," nikasema. "Aone. Iishe. Tuchukue ufunguo, tuhamie chumbani, nami nianze kazi."

Wakatazamana, mama na mwana.

"Kile chumba," Turusbek akasema, akikuna kidevu, "tutakipangisha. Kuna jamaa wa duka la simu ameshaniuliza. Sisi tunaendelea na safari, mke wangu. Sasa hivi ndiyo jina letu linakua! Tukifunga mlango tumekwisha."

"Jina la nani?"

"Letu."

"Turusbek, lile zulia ni langu. Nililishona kwa mikono hii ukiwa umelala."

"Hakuna anayekataa," akasema, kwa upole wa kumbembeleza mgonjwa. "Hapa ndani."

Hapo kitu kikakatika ndani yangu. Nikasema, tena kwa sauti, Mama akiwa amekaa pale anapangusa makombo: "Basi nitalisema nje. Akishaona tu, nachukua kipaza sauti. Zulia ni langu, ufunguo ni wangu. Nyinyi nendeni na Mkate wenu, mkasukumane."

Turusbek akabadilika rangi. Mama Batmakan hakubadilika kitu. Alinitazama tu, macho yake makavu, maangavu, yanayoona hadi uti wa mgongo. Akauliza kama maandazi yamebaki.

Ningemwogopa pale pale ningekuwa na akili.

Saa nane watu wakajaa tena. Daktari Chinara alisimama chini ya jukwaa, mikono kifuani. Zulia langu limetundikwa nyuma, jua linalipiga, na nikimwambia mtu kwamba sikuwahi kuona kitu kizuri kama kile nitakuwa najisifu, lakini ndivyo.

Mama Batmakan akapanda. Akasimama. Akavua miwani taratibu, kama pazia la sinema linavyofunguliwa.

"Nuru," akasema.

Mwanamke mmoja akapiga yowe. Gulsaira akapiga magoti.

"Unaona nini, Mama? Sema, unaona nini?"

"Nawaona watu wangu. Namwona mwanangu." Akamgusa Turusbek shavuni. "Mbona umezeeka, mwanangu?" Watu wakacheka huku wanalia. Chini ya jukwaa Daktari akatikisa kichwa, akageuka kurudi kwa wagonjwa wake.

Nikapanda ngazi. Nilikuwa hatua nne tu kutoka kwenye kipaza sauti, na maneno yangu nilikuwa nimeyapanga.

Mama akageuka, akalitazama zulia. Akalisogelea. Akalikazia macho muda mrefu, muda unaofaa.

"Hili zulia," akasema, "si langu."

Makofi yakafa.

"Miaka yote nimeshika kazi yangu, naijua kwa vidole, lakini nilidhani labda vidole vimezeeka. Sasa nimepewa macho. Hili si la mkono wangu, wanangu. Langu lilibadilishwa kabla hata halijatolewa nje." Akainua kidole. Hakukielekeza upesi, alikizungusha kwanza juu ya vichwa vya watu, kisha kikaja kunitua kifuani. "Muulizeni mkwe wangu. Yeye ndiye aliyenishika mkono, yeye ndiye aliyejaza karatasi. Mimi sikuwa naona."

Mnaelewa alichonifanyia? Kiangazi chote alikuwa anadanganya. Siku ile akasema kweli, zulia si lake, na kwa kweli hiyo hiyo akanizika.

Gulsaira akaitoa fomu kwenye mkoba. Safari hii hakushika kitambaa.

"Aliyeleta: Burul," akasoma. "Huu ni mwandiko wako?"

"Ni wangu. Lakini zulia pia ni langu, nimelitengeneza mimi..."

"Mbona hapa umeandika Batmakan?"

Wale watu mia tatu wakaanza kunung'unika. Nikasikia neno mwizi, mara ya kwanza kwa sauti ndogo, mara ya pili si ndogo.

"Mume wangu anajua!" nikapaza sauti. "Muulizeni yeye. Turusbek, waambie!"

Gulsaira akampa kipaza sauti. Turusbek akalitazama zulia aliloliegemea majira mawili ya baridi, huku mimi nikishona miguuni pake. Akamtazama mama yake. Akanitazama mimi, na kwa nukta moja, naapa, nilimwona yule kijana aliyenivusha mto wa kwetu At-Bashy mgongoni tukiwa wachumba.

"Aliyetengeneza zulia hili," akasema, "simjui."

Sikulia. Nashangaa hadi leo. Niliiendea meza ya maonyesho, nikachukua kipande cha sufu nyeusi na mkasi mkubwa, nikarudi mbele ya watu.

"Nitakata pembe kama zile," nikasema. "Bila chaki. Mtalinganisha wenyewe."

"Mwacheni akate," Gulsaira akasema.

Umati ukasogea. Hata wapanda farasi walisimamisha farasi wao. Nikaitandika sufu mezani, nikafungua mkasi. Na ndipo nilipoona kwamba mikono yangu, iliyochubuliwa na sabuni na maji ya moto kiangazi kizima nyuma ya pazia, inatetemeka kama ya mlevi.

Nikakata.

Pembe ya kwanza ikatoka kombo, haifanani kabisa na zile za zulia.

Mama Batmakan akaiokota, akaiinua juu ili hata wa nyuma wapate kuiona.

"Mnaona?" akasema.